Naomba ushauri: chumba na sebule Tanga mjini kwa bei ya kawaida

Wakuu habari za saizi, wenyeji wa Tanga naombeni msaada. Nimehamishiwa kazi huku, kazini ni maeneo ya bandarini, kwa sasa nimejibanza kwa binamu yangu Pongwe ila nauli ya kila siku inanimaliza.

Natafuta chumba na sebule, choo ndani na luku yangu mwenyewe maana mambo ya kuchangia umeme na mtu mwenye friji na pasi mi siyawezi. Bajeti 70 mpaka 80 elfu kwa mwezi. Dalali mmoja kanipeleka Raskazone, sijui aliniangalia sura akaona nini, kule si ndo kwa wenye nazo! Mwingine kila nikiuliza bei ananiletea habari za bomba la mafuta la Chongoleani, eti ndo limepandisha kodi mji mzima, na bado anataka hela ya kunizungusha kwanza halafu nikipata nimpe tena kodi ya mwezi mmoja.

Sasa Makorora, Mikanjuni au kule Ngamiani kwenye barabara za namba, wapi napata kwa hela hiyo na maji yanatoka? Kange naipenda sababu ya stendi ila naona mbali. Na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mpigo, mnawaombaje wakubali mitatu mitatu? Mkataba tupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au tukisainishana wenyewe inatosha? Mwenye kumjua mwenye nyumba moja kwa moja bila dalali anicheki inbox.