Emacs: kigeu kimebadilika, lakini pambizo ya dirisha haisogei

Mwalimu wa Jinja

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Jinja, na mazoezi yote ya wanafunzi ninayaandika kwa GNU Emacs, programu ya kuandika na kuhariri maandishi. Skrini yangu ni pana, maandishi huanzia ukingoni kabisa na macho yanachoka, kwa hiyo nimeamua kuongeza pambizo. Nilibonyeza M-: (ya kutekeleza msimbo papo hapo), nikakipa kigeu left-margin-width, yaani mpangilio wa upana wa pambizo ya kushoto, thamani ya 12, lakini dirisha halikubadilika hata kidogo. Nilipouliza kwa C-h v nilijibiwa kwamba thamani ni 12 kweli. Baadaye nilihamia bafa nyingine (maandishi mengine yaliyofunguliwa ndani ya Emacs) kwa C-x b, na niliporudi nikakuta maandishi yamesogea kulia kama nilivyotaka tangu mwanzo. Naomba kueleweshwa: mabadiliko ya namna hii hushika wakati gani?

Fundi wa Ntinda

Mwalimu, hukukosea popote. Kigeu ulichobadilisha ni mali ya bafa, ilhali pambizo unayoiona ni mali ya dirisha. Dirisha huisoma thamani ya kigeu pale tu linapokabidhiwa bafa ya kuonyesha, na baada ya hapo hubaki na kipimo hicho hadi likabidhiwe tena. Ulipohama na kurudi, ulilikabidhi upya bila kujua. Unaweza kufanya hivyo bila kuhama, kwa kulipa dirisha bafa ileile:

`(set-window-buffer nil (current-buffer))`

Vigeu left-fringe-width, scroll-bar-width na fringes-outside-margins hufuata utaratibu huohuo. Kama unabadilisha pambizo ya kushoto na ya kulia, weka thamani zote mbili kwanza, ndipo uite amri hii mara moja. Kigeu line-spacing hakimo katika kundi hili, kwa kuwa chenyewe husomwa dirisha linapochorwa upya.

Mwalimu wa Jinja

Asante sana, ndugu, imekubali papo hapo. Nimeona pia kuna set-window-margins, ambayo hubadilisha dirisha moja kwa moja. Je, niiweke ndani ya text-mode-hook, orodha ya amri zinazotekelezwa hali ya maandishi ya kawaida (text-mode) inapoanza, ili kila faili la mazoezi lifunguke na pambizo zake?

Mtafsiri wa Mbarara

Hapo nakusihi usiiweke, mwalimu, kwa sababu mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa jambo hilohilo. Faili linapofunguliwa, amri zilizomo katika text-mode-hook hutekelezwa kabla bafa haijaingia dirishani, na wakati huo dirisha lililochaguliwa bado linaonyesha faili la awali. Nilipofungua tafsiri kwa C-x 4 f, yaani katika dirisha jingine, faili la zamani ndilo lililopata pambizo, na tafsiri niliyoikusudia ikabaki bila chochote. Nilipotumia C-x C-f, yaani kufungua katika dirisha lilelile, pambizo zilifutika mara moja, kwa sababu dirisha lilikabidhiwa bafa mpya na likasoma vigeu ambavyo sikuwa nimevigusa.

Weka humo vigeu vyenyewe, left-margin-width na right-margin-width, wala usiongeze kingine. Dirisha litavisoma litakapopewa bafa. Utahitaji set-window-buffer ikiwa tu umeita text-mode katika bafa ambayo tayari iko mbele yako. Ukitaka pambizo kwa kila bafa, tumia setq-default katika init.el (faili la mipangilio ya Emacs), maana setq ya kawaida, amri ya kukipa kigeu thamani, hubadilisha bafa moja tu, ile iliyopo wakati huo.

Fundi wa Ntinda

Niongeze moja: kama bafa hiyo inaonekana katika madirisha mawili, nil hulenga dirisha lililochaguliwa peke yake. Pata madirisha yote kwa get-buffer-window-list, kisha uite set-window-buffer kwa kila moja.

Mwalimu wa Jinja

Nimeviweka vigeu ndani ya text-mode-hook, nikafunga Emacs na kuiwasha upya. Zoezi la ngeli limefunguka likiwa na nafasi 12 kila upande, na dirisha la pili halikuguswa. Nawashukuru sana nyote wawili.