TP (mazoezi) ya Python, luga ya kuandika programu za kompyuta: makosa gani ba L1 (ba mwaka wa kwanza ku iniversite) banarudilia?

Kadutu_B: Jambo bandugu, minasaidia ba L1 hapa Bukavu mbele ya TP na naona bengi banakwama pahali pamoja, programu inaomba pointi mbili, 12 na 14, jumla inatoka 1214 njo banashangaa. Nyie munaonaka makosa gani ingine?

Himbi_Goma: Iyo ni juu input(), ile inaomba mutu aandike kitu, inarudisha maandishi, si namba, basi + inayabandika tu. Baandike int(input()) ili igeuke namba nzima, ao float kama kuko nusu pointi. Ingine ni range(1, 10), ile ya kuhesabu kuanzia 1, inaishia 9, si 10! Mwanafunzi wa kumi hahesabiwe na moyene (wastani) inakuwa ya uongo.

Kamalondo: Mbaya zaidi ni kuandika mistari mia yote njo unalansa programu. Andika mitano, jaribu, endelea. Na ile erere nyekundu baisome kuanzia chini, mstari wa mwisho njo unasema kosa lenyewe, juu yake kuko namba ya mstari, lakini bengi banaifunga mbio banaenda kukopia ya mwenzao, inaniuma sana.

Kadutu_B: Aksanti mingi, ya range tunaanza nayo kesho. Na kuranti ikikatika?

Himbi_Goma: Ctrl+S (kuchunga kazi) kila mara yaya, na kopi ingine ku flashi.