Dubu wa Shikoku: waletewe damu mpya au waachwe?

Wakuu, naleta hoja tuijadili bila ushabiki.

Kisiwa cha Shikoku, Japani, kimebakiwa na dubu weusi kama 20 hivi, wote wamejibana milima ya kuzunguka Mlima Tsurugi. Ishirini tu! Kamera zikitegwa porini, kila mmoja hutambulika kwa alama nyeupe ya kifuani, ile iliyo kama mwezi mwandamo, maana hazifanani. Sasa wanyama wachache namna hiyo wakipandana ndugu kwa ndugu miaka nenda rudi, utofauti wa vinasaba utaacha kusinyaa? Je, waletwe majike kutoka Honshu, kisiwa kikuu cha Japani?

Mimi nasema waletwe. Puma wa Florida, Marekani, walibaki 20 hadi 30, mikia imepinda, baadhi ya madume korodani hazijashuka. Mwaka 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas. Watoto chotara wakatoka na afya, idadi ikapanda.

Najua wapo watakaosema dubu halisi wa Shikoku atapotea. Haya, tuangalie jirani, Kyushu. Dubu aliyeuawa huko mwaka 1987 alidhaniwa wa asili ya kisiwa. Vinasaba vilipopimwa baadaye, ukoo wake ukaonekana ni wa Honshu. Mwaka 2012 dubu wa Kyushu wakatangazwa kuwa wametoweka. Damu safi ya mnyama asiyekuwepo inamfaa nani?

*Jibu:* Mkuu, umeruka jambo kubwa. Misitu ya asili ilikatwa, ikapandwa miti ya mbao, sugi na hinoki. Dubu wakawa wanachuna magome, wakawindwa kama waharibifu. Hao majike wako watakula nini? Halafu mwaka 2023 watu zaidi ya 200 walishambuliwa na dubu Japani. Nenda kamwambie mwanakijiji unamwongezea wengine!

*Mleta mada:* La chakula nakubali, hapo umenishika. Msitu wa mwaloni, unaowapa dubu chakula, urudishwe kwanza, au angalau sambamba. La hofu silikubali: mashambulizi hayo ni ya visiwa vingine, siyo Shikoku. Hata serikali mwaka 2024 ilipowaingiza dubu kwenye orodha ya wanyama wa kudhibitiwa, hao wa Shikoku iliwaacha nje. Ila mwaloni hauzai kesho, mkuu, na hao 20 wanazeeka. Wewe ungeanza na lipi?