Naomba ushauri: R iandike faili pale tu penye makosa

Habari zenu wakuu. Natumia R (lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu) kusafisha data za wagonjwa wa malaria za mikoa 26 ya Tanzania Bara. Nimeandika kitanzi cha for (amri inayojirudia) kinachopita mkoa mmoja mmoja. Nataka kitoe faili la jedwali la CSV kwa mkoa wenye rekodi mbovu tu, mathalani umri ulio chini ya sifuri.

Nilirithi skripti yenye if (d$umri < 0) write.csv(...), ambapo d$umri ni safu yote ya umri wa wagonjwa wa mkoa. Kwenye kompyuta ya zamani ilikuwa inapita ikitoa onyo tu. Kwenye R mpya inagoma kabisa, nimekuja kuelewa kwamba tangu 4.2.0 ya mwaka 2022 sharti la if lazima liwe jibu moja. Kilichoniumiza ni kwamba kule nyuma ilikuwa inaangalia mstari wa kwanza peke yake! Sijui ni makosa mangapi yalipita.

Nikaweka any(d$umri < 0), yaani kama kuna hata umri mmoja ulio chini ya sifuri. Mikoa kadhaa ikaenda, halafu ikakwama penye umri uliokosekana, kwa sababu any() ilirudisha NA (yaani haijulikani). Je, niongeze na.rm = TRUE ili ipuuze hizo NA, au nichuje kwanza rekodi mbovu kwa which() kisha niulize if (nrow(mbovu) > 0)? Naegemea hiyo ya pili.

Jingine: mkoa ukiwa safi mwezi huu, faili la mwezi uliopita linabaki kwenye folda, na nusura nilitume kwa waratibu. Mnatumia file.remove() kabla ya kitanzi, au mnatengeneza folda mpya kila mwezi? Natanguliza shukrani.