Msaada wakuu: chipu ya kompyuta ya gari imegoma kuandikika, nifute tena au nimeshaiua?

Mtaka Mwendo
Habari za muda huu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, leo siku ya tatu. Wenye uzoefu wa kufuta na kuandika chipu za gari naomba mnisaidie. Wasio na uzoefu wapite tu, nawaheshimu.

Gari ni BMW E30, 325i, injini M20, kompyuta ni Motronic 1.3 ya Bosch, namba yake inaishia na 173. Chipu inayobeba maelekezo ya injini ni EPROM 27C256, ile ya miguu 28 yenye kidirisha cha kioo mgongoni cha kupitishia mwanga wa kuifuta. Nimeifuta, nikaandika faili jipya: taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) imesogezwa mbele na kikomo cha mizunguko kimepanda hadi 7,000. Programa, yaani mashine ya kuandikia chipu, inaandika vizuri mpaka mwisho, ikifika kwenye kuhakiki inakataa. Anwani 1A40, ilitakiwa FF, imekuta BF. Nikirudia inakataa palepale.

Swali langu ni moja tu: niongeze dakika ngapi za kufuta? Nina siku mbili.

Kokoto
Siku mbili za nini mkuu? Siku hizi chipu zinaoza?

Mzee wa Risasi
Vijana mmekuja wakati wa raha. Mimi nilianza na chipu za 2764, zile za kuandikwa kwa volti 21. Zilipokuja za volti 12.5 kuna usiku nilisahau kugeuza swichi, nikaipiga chipu mpya volti 21. Haikulia, haikutoa moshi. Ilipata joto tu kama yai lililotagwa sasa hivi. Mpaka leo ninayo kwenye kopo la skrubu, nikiiona naheshimu maandishi madogo. Za dakika sikuambii, kila taa na tabia yake.

Pini 28
Mkuu, kwa biti FF ni moja nane, na BF ni FF iliyobakiwa na sifuri moja. Chipu tupu biti zake zote ni moja. Kuandika kunageuza moja kuwa sifuri, lakini sifuri kurudi kuwa moja hakuna njia isipokuwa mwanga. Kwa hiyo hata uiandike mara mia utapata BF ileile. Haijafutika yote. Ulitakiwa upime kwanza kama ni tupu ndipo uandike.

Maelezo ya chipu yenyewe yanataka urujuanimno wa nanomita 253.7, taa iwe kama sentimita 2.5 juu ya kidirisha, dakika 15 hadi 20. Ukipita hapo na bado kuna sifuri, tatizo si dakika. Niambie mambo matatu. Taa gani umetumia? Juu ya kidirisha kulikuwa na karatasi? Na faili la awali ulilisoma ukalihifadhi kabla ya kufuta?

Mtaka Mwendo
Asante Pini. Taa nilianza na ile ya kukaushia rangi za kucha, ya dada yangu. Karatasi ilikuwepo, nyeupe, imeandikwa kwa kalamu herufi mbili na namba, nikaikwangua kwa ukucha. Hilo la tatu tutaliongea baadaye, kwa sasa nahitaji dakika.

Mama Karakana
Wewe kijana, gari ya miaka hiyo 7,000 unaitafutia nini? Injini hiyo haina sensa ya kusikia kugonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda. Za kisasa zikisikia injini inagonga zinarudisha taimingi zenyewe, hiyo inaendelea kukamua mpaka pistoni itoboke. Mimi nimefungua moja iliyokuja na "chipu ya spidi". Kichwa cha pistoni kilikuwa kimeliwa pembeni, utadhani panya. Mwenye gari akaniuliza kama plagi mpya zitasaidia.

Mtaka Mwendo
Mama Karakana nakusikia, ila faili nimelitoa kwa mtu mwenye injini hiihii na analitumia mwaka wa pili. Mafuta naweka mazuri. Sikukurupuka.

Pini 28
Faili la awali lipo au halipo?

Mtaka Mwendo
Wakuu mbona mnahangaika na bakapu, swali langu liko wazi kabisa.

Kokoto
Halipo hilo.

Mtaka Mwendo
Sawa. Halipo. Programa nilikuwa nimeipata siku hiyohiyo, nikawa na haraka ya kuijaribu. Nilidhani ya kiwandani inapatikana popote.

Na gari si yangu. Ni ya mjomba. Amesafiri, akaniachia niwe naiwasha kila wiki betri isilale. Anarudi keshokutwa. Nilitaka akiikuta ina nguvu afurahi. Hivi mtu akiboreshewa kitu chake kuna ubaya gani?

Kokoto
Uliambiwa uiwashe, ukaizima milele. Mjomba atafurahi sana.

Mama Karakana
Na ulishaiwasha na hiyo chipu mbovu?

Mtaka Mwendo
Mara moja. Makosa yalikuwa baiti chache nikaona haina neno. Iliwaka. Nilipokanyaga mafuta ikasikika kama kokoto ndani ya kopo (si wewe Kokoto), nikazima. Ila mjomba aliwahi kuskimu silinda hedi (kuparua uso wake unyooke) gari ilipochemsha, labda ni hiyo.

Mama Karakana
LABDA! Hedi ikiskimiwa mgandamizo unapanda, wewe ukaja kusogeza taimingi mbele juu yake. Yarabi.

Sitaki Chai
Samahani naharibu shughuli. Hii hadithi ni chai, tena ya rangi. Taa ya kucha inatoa nanomita 365 na 405. EPROM haifutwi na hiyo kwa jioni moja. Hata jua kali lenyewe linahitaji kama wiki nzima likiipiga moja kwa moja, na mwanga wa taa za tyubu chumbani kama miaka mitatu. Sasa huyu kafuta kwa taa ya dada yake, kaandika, kawasha, na gari ikagonga. Angesema haikufutika kabisa ningemwelewa. Mnajaza kurasa kumhurumia mtu aliyekaa kitandani anatunga.

Kasuku
Nilihisi. Na "mjomba anarudi keshokutwa" ni kama mchezo wa redio.

Kokoto
Weka picha ya chipu hapa, au modi afunge uzi.

Mzee wa Risasi
Mimi niliwahi kumwamini mtu humu aliyedai anafuta chipu kwa mwanga wa kuchomelea vyuma. Nilijaribu. Sitaki kuongea zaidi.

Mtaka Mwendo
Nimesema NILIANZA na taa ya kucha. Saa nne nzima, haikubadilika hata baiti moja. Ndipo kazini nikachukua taa ya mashine ya kusafishia maji, ile tyubu ya kioo angavu inayotoa mwanga wa bluu hafifu. Hiyo ndiyo iliyofuta. Nikaiweka dakika 20, nikawa nafunua boksi kila mara kuchungulia kama imeshafutika.

Jioni nilikuwa mzima. Saa saba usiku nikaamka macho kama yamemwagiwa mchanga. Nikifumba yanauma, nikifumbua yanauma, machozi yanatiririka yenyewe. Nilikaa na kitambaa cha maji baridi mpaka alfajiri. Hata hapa naandika nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Picha siweki kwa sababu dirishani siwezi kusogea.

Sitaki Chai
Hapo nimekuamini. Mtunga chai angesema macho yaliuma palepale. Hajui kwamba yanasubiri saa kadhaa. Nafuta kauli.

Mzee wa Risasi
Ndiyo yanayowapata wachomeleaji wasiovaa miwani. Siku moja mbili yanatulia. Yasipotulia, au ukiona ukungu, nenda kwa daktari wa macho, usije humu. Na kuchungulia kulikuwa kwa nini? Chipu ikifutika haibadiliki rangi.

Mtaka Mwendo
Sikujua mzee wangu.

Pini 28
Basi taa ilikuwa sahihi. Kilichobaki ni gundi. Karatasi uliikwangua kwa ukucha, gundi ikabaki kwenye kidirisha, na pale ilipobaki miale haikupita. Ndiyo maana makosa ni machache na yako palepale. Futa kidirisha kwa spiriti na pamba mpaka kiteleze, rudia dakika 20 boksi likiwa limefungwa, pima kama ni tupu.

Lakini usiandike lile faili lako. Tafuta la kiwandani la 173. Kama una haraka chukua W27C512, hiyo inafutwa kwa umeme, taa huihitaji. Ina nafasi mara mbili, baiti 65,536, na faili lako ni 32,768. Liandike mara mbili, nusu ya chini na nusu ya juu. Kwenye soketi ya 27C256 mguu wa kwanza kawaida una volti 5, na kwa 512 mguu huo ni anwani, kwa hiyo kompyuta itasoma nusu ya juu tu. Ukiiacha tupu gari halitawaka na utarudi hapa unalia.

Kokoto
Sikutaka kusema, ila ninayo 173 ambayo haijaguswa, karatasi yake ya kuchapwa bado iko juu. Leo usiku naisoma mara mbili, nikiona zinafanana nakutumia. Ukifuta na hilo, usinijue.

Mtaka Mwendo
Mungu akubariki mkuu. Maneno yote ya mwanzo nimeyasamehe.

Mtaka Mwendo
Mrejesho. Faili la Kokoto limeingia, pande zote mbili, limehakikiwa bila kosa. Gari imewaka mara moja, haigongi hata nikikanyaga. Macho yamepona.

Mjomba amefika jana. Kaenda mzunguko mmoja, akarudi kimya, akafungua boneti akatazama tazama. Akaniuliza mbona gari imepoa, ilikuwa inavuta zaidi ya hapo. Nimemwambia labda ni mafuta.

Pini 28
Ile karatasi iliyoandikwa kwa kalamu bado unayo?

Mtaka Mwendo
Niliitupa siku ileile. Kwani ilikuwa na nini?