KIKOMBE CHA YOGATI JUU YA KONTRA YANGU! Huyu shefu wa personeli, mkuu wa wafanyakazi, mnamjua wote

MamaKatuba
Banduku, ndugu zangu wa Lubumbashi, mnisamehe herufi, vidole vinatetemeka. Jina simtaji, na hakuna haja. Yule wa viatu vya moka, vyeupe vilivyochongoka. Yule ambaye manukato yake yanafika kazini saa moja, yeye mwenyewe saa tatu. Akikohoa ghorofani, mji wa Likasi huko wanajibu "afya!"

Leo asubuhi niliitwa nisaini kontra, yaani mkataba wa kazi. Kontra yangu ya muda imeisha, wakanitangazia wenyewe kwamba napewa isiyo na mwisho. Nimevaa liputa mpya, kitenge cha heshima, nimesali. Biro, ofisi yake, imejaa: mhasibu, dereva, kijana wa staji anayejifunza kazi, hata mama anayetuuzia mikate kaingia kudai deni lake. Bwana mkubwa anafungua droo. Nasema moyoni, anatoa kalamu. Anatoa KIKOMBE CHA YOGATI. Kimeoshwa, picha ya ng'ombe bado iko. Anakiweka juu ya kontra yangu, mahali pa sahihi kabisa, na kusema: "Mama, ingia choo uniletee mkojo. Nataka kujua nasaini mtu mmoja au wawili."

Wakacheka! Watu ninaokula nao bukari, ugali wetu, saa sita, wakacheka!

Nikamwuliza mbona fundi wa jenereta, baba wa watoto tisa, alisaini mwezi jana bila kuombwa hata mate. Ananijibu eti, "Yule hazai." Sasa wale tisa walidondoka na mvua?

Sheria ya Kazi ya nchi hii yetu ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 128, inasema uzazi hauwezi kuwa chanzo cha ubaguzi kazini, na ni marufuku kumdai mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba au alete cheti. Wanaachia tu kazi zilizokatazwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha, au zile zenye hatari kwa mama na mtoto. Mimi naandika ankara! Ankara gani iliwahi kumdhuru mtoto tumboni? Na Katiba, kifungu cha 36, inasema mtu asidhulumiwe kazini kwa sababu ya jinsia yake. Hiyo ni Katiba, si maneno ya sokoni.

Kikombe cha yogati. Mbele ya mama wa mikate. Yule mama hakudai tena deni lake, alinihurumia akatoka. Kontra iko pale na alama ya duara ya maji, mimi nimetoka bila kusaini. Semeni nanyi.

Mwana_Shaba
Yee mama! Yaya, pole sana. Huyo namjua tangu zamani, ndiye alimwuliza shemeji yangu kwenye mahojiano ya kazi ataolewa lini, na bwana atakayemwoa "ataruhusu" safari za Kasumbalesa? Shemeji alitoka pale analia.

Kadogo_wa_Kamalondo
Swali moja tu: yogati ya vanila ao ya fraizi? 😂😂

MamaKatuba
Kadogo, una mama? Mwonyeshe alichoandika mwanawe.

Kadogo_wa_Kamalondo
Weye unalia bule. Ungemwekea chai mule ndani, amalize na mkate.

Fundi_Mashine
Mimi nitasema ukweli hata mkinitukana. Patroni, mwajiri, anaogopa hasara. Unamsainia mtu leo, kesho anakaa nyumbani wiki 14 analipwa. Nani atafanya kazi yake?

Tantini_Ruashi
Fundi, hizo wiki 14 ni kifungu cha 130, na analipwa theluthi mbili ya mshahara, si mshahara mzima. Wewe ukivunjika mguu kwa kucheza mpira Jumapili, unakaa miezi, hakuna anayekuletea kikombe. Na wewe mwenyewe ulizaliwa wapi, gereji?

Mzee_Delege
Mama, nisikilize mimi niliyekuwa delege wa sendika, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, miaka mingi. Hasira yako ni ya haki, lakini yule ataponea kwenye maneno "anayeomba kazi". Atasema wewe hukuwa unaomba, ulikuwa ndani tayari. Basi usimwachie mlango huo. Shika sentensi ya kwanza ya kifungu, ile ya uzazi kutokuwa chanzo cha ubaguzi, haina mwombaji wala nani. Pili, angalia kontra zako za zamani. Kontra ya muda haipiti miaka 2, na haifanywi upya zaidi ya mara moja, ukiondoa kazi za msimu na mfano wake. Kama umevuka hapo ukaendelea kufanya kazi, sheria yenyewe inakuhesabu una kontra isiyo na mwisho, asaini asisaini. Na mwenye kontra hiyo hafukuzwi kwa mimba, wala ndoa, dini au kabila. Kifungu cha 62 kinazitaja moja moja. Akifukuzwa bila sababu halali, ni kurudishwa kazini au fidia inayoweza kufika mshahara wa miezi 36.

Andika barua leo leo, nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa. Kisha kwa Inspekta wa Kazi, mkaguzi wa serikali. Usikimbilie Tribinali ya Kazi, mahakama yenyewe, moja kwa moja, hawakupokei kabla ya upatanisho wa inspekta. Na yule kijana wa staji, mwombe aandike alichoona kabla hajatishwa.

MamaKatuba
Asante sana baba. Barua naandika usiku huu. Mama wa mikate naye kasema atashuhudia, hata mbele ya jaji. Lakini baba, JUU YA KONTRA! Angekiweka hata pembeni!

Jurnalie_wa_Mgodi
Nyinyi wa biro mnalilia kikombe. Sisi wa sutretansi, tulioajiriwa na kampuni ya kati, mgodini? Mashine moja, kofia moja, saa zile zile, jirani yangu aliyeajiriwa na kampuni yenyewe anapokea mara mbili yangu. Mgonjwa wake analazwa hospitali ya kampuni, wangu anakunywa maji ya moto.

Mzee_Delege
Kifungu cha 86, mwanangu: kazi sawa, ujuzi sawa, uzalishaji sawa, mshahara sawa. Patroni wako atasema nyinyi si wa nyumba moja. Kusanyeni hati za malipo.

Jurnalie_wa_Mgodi
Hati gani, baba? Tunalipwa kwa bahasha.

Bijou_243
Afadhali ninyi mna patroni. Mimi bayeri, mwenye nyumba wa Kampemba, kanikatalia nyumba eti mwanamke bila bwana ataleta fujo. Na alishakula pesa ya komisionea, dalali wangu!

Fundi_Mashine
Wa kwetu anaomba garanti, amana ya kodi, miezi kumi.

Tantini_Ruashi
Kumi?! Sheria ya 2015 ya nyumba za kukaa inasema mitatu!

Fundi_Mashine
Nenda umsomee. Ana mbwa wawili.

MamaKatuba
Banduku, tulikuwa tunazungumza KIKOMBE.

Kadogo_wa_Kamalondo
Yaya, kikombe tumesikia. Bijou, iko nyumba Bel-Air, vyumba viwili, mama mwenye nyumba ni mjane, hana shida na wanawake.

Bijou_243
Garanti?

Kadogo_wa_Kamalondo
Sita. Maji yanakuja usiku.

Tantini_Ruashi
MITATU, nimesema!