Figo aliyopandikizwa kaka imefeli, dawa za kushusha kinga aache?

Dada wa Mgonjwa:
Wakuu habari zenu. Kaka yangu alipandikizwa figo miaka kadhaa nyuma, sasa kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) imekuwa ikipanda taratibu, wakafanya biopsi (kutoa kipande kidogo cha figo kukipima), wakasema figo haitarudi, ajiandae na dialisisi, yaani kusafishwa damu. Amekata tamaa kabisa, anasema kama figo yenyewe imekufa takrolimasi na maikofenoleti, hizo dawa za kushusha kinga, anameza za nini, mikono inamtetemeka, anataka aache zote leo. Kliniki ni wiki ijayo. Aliyepitia hii anisaidie, naogopa.

Nesi wa Dialisisi:
Pole sana dada. Tafadhali asiache ghafla. Figo hata ikifeli bado ni nyama ya mtu mwingine imekaa mwilini, ukikata dawa kwa mkupuo kinga inaamka inaishambulia, ndo unaona mtu anakuja na homa haieleweki, pale figo ilipo panavimba panauma, mkojo una damu, wengine inabidi wapasuliwe itolewe wakati mara nyingi figo iliyofeli inaachwa tu hapo hapo. Na kama anatumia predinisoloni (dawa ya steroidi) ndo kabisa, mwili ulishazoea kutotengeneza homoni yake ya aina hiyo, akiikata ghafla presha inaweza kuporomoka. Kawaida wanaanza kutoa maikofenoleti, zingine zinafuata polepole. Huko kutetemeka aseme, mara nyingi ni takrolimasi, wapime kiwango kwenye damu, na siku hiyo asimeze dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe.

Nina Figo ya Pili:
Kwanza, atapandikizwa tena? Hapo ndo penye uamuzi wote. Akiacha dawa mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya figo za watu, kupata mtoaji wa kulingana naye inakuwa shughuli. Mimi niliachwa kwenye takrolimasi mpaka nikapata ya pili. Kuongezewa damu nako kunaleta kingamwili hizo hizo, kwa hiyo damu ikipungua aulize kwanza sindano za kuongeza damu na madini ya chuma. Fistula (mishipa ya mkononi inayounganishwa kwa ajili ya dialisisi) waishughulikie mapema maana inachukua wiki hadi miezi kukomaa, asije akawekewa katheta (mrija) ya shingoni kwa dharura. Na hiyo hali ya kukata tamaa msiipuuze jamani, kupoteza figo ni msiba.

Mdau:
Nakubali asikate ghafla ila kubaki nazo tu bila mpango wa kupandikizwa mimi sikubali, kinga iko chini halafu una katheta, maambukizi yanaondoka na watu. Na hatari ya saratani inaendelea kuwepo.

Dada wa Mgonjwa:
Asanteni sana. Mdogo wetu anataka kujitolea ila hajapimwa bado. Kaka amekubali kuendelea kumeza mpaka kliniki.

Nesi wa Dialisisi:
Basi la mdogo wenu mliseme mwanzo kabisa, kabla daktari hajapanga kupunguza chochote. Akipata homa msisubiri wiki ijayo, mpelekeni siku hiyo hiyo, na asinunue diklofenaki wala antibiotiki mwenyewe, klarithromaisini kwa mfano inapandisha sana takrolimasi.